Umeridhika, au umeridhishwa?

*Lugha mbalimbali zimelichota neno la kuridhika tumboni, kwenye deni, kwenye amani na kwenye hiari ya mtu. Kiswahili kimechota zaidi ya mahali pamoja, lakini wanaotupima wanatuuliza kana kwamba neno ni moja.*

Machi 2017, Ripoti ya Furaha Duniani iliiweka Tanzania nafasi ya 153 kati ya nchi 155. Nyuma yake zilibaki Burundi na Jamhuri ya Afrika ya Kati. Nafasi hiyo ilitokana na swali moja. Mtu huambiwa afikirie ngazi yenye vidato kuanzia 0 hadi 10, kidato cha juu kikiwa maisha bora kabisa anayoweza kuyapata na cha chini kikiwa mabaya kabisa, kisha aseme leo amesimama kidato gani. Swali hilo lilibuniwa na mwanasaikolojia wa Marekani, Hadley Cantril, katika miaka ya 1960, na taasisi ya Gallup huwauliza watu wapatao 1,000 katika kila nchi inayoipima. Majibu ya miaka mitatu hukusanywa, wastani ukapigwa, nchi zikapangwa mstari.

Tanzania ilikuwa imekwisha kuwatatiza watafiti miaka mingi kabla ya hapo. Mwaka 2001, mradi wa World Values Survey uliwauliza Watanzania maswali mawili ambayo kwa mtazamaji wa mbali ni mapacha. La kwanza lilihusu furaha. La pili lilitaka kujua mtu ameridhika kiasi gani na maisha yake. Kwenye furaha walitokea miongoni mwa watu wa juu kabisa duniani. Kwenye kuridhika, miongoni mwa wa chini kabisa. Wachumi Betsey Stevenson na Justin Wolfers, katika uchambuzi wao wa mwaka 2008 kuhusu uhusiano wa kipato na ustawi, waliitaja Tanzania miongoni mwa nchi zilizokataa kukaa kwenye mkondo wa wenzao.

Jibu jepesi ni kwamba wahojiwa walichanganyikiwa. Makala haya yanashika jibu jingine. Kuridhika si hisia kama furaha ilivyo; ni hukumu ambayo mtu huitoa juu ya kile alichotendewa. Mtu anaweza kucheka na majirani zake kila jioni na bado akakataa kuitia saini hukumu hiyo. Ushahidi wa jambo hili umo ndani ya maneno yenyewe, katika lugha nyingi, zikiwamo zisizo na undugu kati yao, na Kiswahili ni mojawapo ya mashahidi wake wazuri.

Tumbo likishiba

Chanzo kilicho karibu zaidi na mwili ni tumbo. Lugha za Kibantu zina mzizi wa kushiba uliosambaa nchi baada ya nchi: Waganda husema *okukkuta*, Wabemba *ukwikuta*, Wachewa *kukhuta*, Washona *kuguta*. Kiswahili, kwa namna ya kustaajabisha, kimebaki na njaa yake ya Kibantu lakini kushiba kimekuchukua kutoka Kiarabu, kwenye kitenzi *shabia*, ambacho Kiebrania nacho kinacho kwa umbo la *savea*. Wapo wanaotaka kuona hapo ushahidi kwamba watu wa pwani waliijua njaa tu mpaka wageni walipowaletea shibe. Hoja hiyo haina mashiko. Neno la kukopa huonyesha nani alikula na nani; halionyeshi nani alitangulia kushiba. Waingereza walilipokea neno *satisfy* kutoka Kifaransa katika karne ya 15, na hakuna anayedai kwamba kabla ya hapo hawakuwahi kutosheka.

Tena Waingereza walikuwa na neno lao la asili, *sæd*, lenye maana ya mtu aliyeshiba. Safari ya neno hilo inafaa kufuatwa. Aliyeshiba akawa mzito, mzito akawa mchovu, mchovu akawa mnyonge wa moyo, na leo neno hilohilo, *sad*, ni la mtu mwenye huzuni. Ndugu yake wa Kijerumani, *satt*, bado ni la mezani, lakini Mjerumani anaposema jambo fulani amelishiba, ujue limemfika shingoni. Mfaransa naye akisema ana la kutosha, kwa neno *assez* lililotokana na Kilatini *ad satis*, huenda anakufukuza.

Kiswahili kina mfano wake hapa, na wetu ni mkali zaidi kwa kuwa pande zote mbili zingali hai. Kiarabu kina *qanaa*, hali ya moyo kutulia kwa kile kilichopo. Kwetu ikawa *kinaa* na *kukinai*, na mtu wa tabia hiyo huitwa mkinaifu, sifa njema misikitini na kwenye mawaidha. Lakini tazama sinia la halua barazani. Kipande cha kwanza ni kitamu. Cha pili kinashuka kwa msaada wa kahawa chungu. Cha tatu, pamoja na samli yake na iliki yake, kinakinaisha. Aliyekinai hapo hamshukuru mwandalizi. Anasukuma sinia. Kitenzi kimoja kinabeba utulivu wa mcha Mungu na kichefuchefu cha aliyekula kupita kiasi, na msikilizaji hubaini kipi kinakusudiwa kwa kuangalia kama mtu mwenyewe ndiye aliyeweka mpaka au mpaka umemfuata alipo.

> Aliyekinai kwa moyo ameweka mpaka mwenyewe. Aliyekinaishwa amewekewa.

Wajapani wameuchonga mpaka huo kwenye jiwe. Katika hekalu la Ryōan-ji, jijini Kyoto, kuna beseni la mawe la kunawia, la mviringo kama sarafu, lenye shimo la mraba katikati linalojaa maji. Kuzunguka shimo hilo zimechongwa alama nne ambazo kila moja peke yake haijakamilika, kwa sababu imepungukiwa kipande. Kipande kinachokosekana ni mraba, na mraba katika maandishi ya Kichina ni alama ya mdomo. Msomaji akilikopa lile shimo la maji mara nne, alama zinakamilika na kusema kwamba ninachojua ni kutosheka tu. Wachina huita ujuzi huo *zhizu*, yaani kujua kilichotosha. Ni elimu, kitu cha kufundishwa. Kwa hali ya mtu ambaye haja yake imetimizwa wana neno jingine, *manyi*, ambalo ni nia iliyojaa. Hawachanganyi mawili hayo.

Deni likilipwa

Chanzo cha pili ni cha mahakamani, nacho ndicho kilichoenea kuliko vyote kupitia lugha za Ulaya. Kilatini *satisfacere* ni maneno mawili yaliyoungwa: *satis*, kutosha, na *facere*, kutenda. Ni kutenda cha kutosha. Mtendaji ni mdaiwa, na anayesema kimetosha ni mdai. Sheria ya Roma ilitofautisha kulipa deni lenyewe na kumridhisha mdai kwa njia nyingine, kama vile kumpa dhamana au kitu kingine anachokikubali. Ulpian, mwanasheria wa karne ya 3 ambaye maandishi yake yamehifadhiwa ndani ya Digesta, mkusanyo wa sheria za Roma wa mwaka 533, aliliweka bayana: ridhaa ya namna hiyo husimama mahali pa malipo. Haiulizwi mdai anajisikiaje moyoni. Kinachoulizwa ni kama amekubali kwamba hadai tena.

Kanisa lililichukua neno hilo likiwa na harufu yake yote ya mahakama. Tertullian, aliyeandika Kilatini huko Carthage, Tunisia ya leo, mnamo mwaka 200, alilitumia kwa toba: mwenye dhambi hutenda cha kutosha mbele ya Mungu aliyekosewa. Anselm wa Canterbury alilijengea kitabu kizima, *Cur Deus Homo*, alichokimaliza mwaka 1098, akihoji kwamba deni la binadamu lilikuwa kubwa mno kulipwa na binadamu peke yake. Baadaye mabwana wa Ulaya waliotukanana walidai kuridhishwa kwa upanga na bastola. Aliyeridhishwa katika pambano la namna hiyo pengine alikuwa amelala chini anavuja damu. Heshima yake ilikuwa imelipwa, na hilo ndilo lililohesabiwa.

Mataifa mengine yalipotaka neno hilo, hayakulikopa tu, yalilijenga upya kwa matofali yao. Wajerumani wana *Genugtuung*, kutenda kwa kutosha. Wapoland wana *zadośćuczynienie*, lilelile. Wazulu, bila kupitia Roma wala Poland, wana *ukwanela*, kutosha, na kutoka hapo *ukwaneliseka*, kuridhika. Hivyo ndivyo sisi tulivyo na kutosha, kutosheka na kutosheleza. Binadamu wa pembe zote wameona kwamba ridhaa inaanza na kipimo fulani kilicho nje ya moyo: kibaba kimejaa au hakijajaa.

Amani na hiari

Wajerumani wana njia ya pili pia. Neno lao la kila siku, *zufrieden*, limejengwa kwa *Frieden*, amani. Waholanzi husema *tevreden* kwa maana hiyohiyo. Aliyeridhika ni aliyefikishwa kwenye amani, na pasipo shaka kuna kitu alikuwa akigombana nacho. Warusi husema *dovolen*, na asili yake ni kufika hadi kwenye mapenzi ya mtu, hadi pale nia yake inapoishia. Neno la karibu yake, *dovolno*, ndilo la kumwambia mmiminaji chai kwamba imetosha.

Hapo kwenye mapenzi ya mtu ndipo Kiswahili kilipoweka nanga yake kuu. *Ridhika* linatokana na Kiarabu *radiya*. Ile sauti ya Kiarabu ambayo sisi huiandika *dh* hutokea kwenye Kiebrania kama *ts*, ndiyo maana ardhi yetu ni *erets* kwao, na radhi yetu ina ndugu yake katika *ratson*, neno la Kiebrania lenye maana ya hiari, matakwa, mapenzi. Kabla ya kuwa utulivu, mzizi huu ulikuwa ni utashi wa mtu unaokubali.

Msomaji hana haja ya kamusi ya Kiebrania kuliona hilo. Asikilize taarifa ya habari. Bunge *linaridhia* mkataba. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 haiitambui ndoa isiyo na *ridhaa* ya wote wawili, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 nayo imejengwa juu ya ridhaa ya mwenye taarifa. Mtoto huomba *radhi* za wazazi kabla ya safari. Aliyemkanyaga mwenzake kwenye daladala humwambia amwie radhi. Rais wa Zanzibar wakati huo, Amani Abeid Karume, na kiongozi wa upinzani, Maalim Seif Sharif Hamad, walipokutana Ikulu ya Zanzibar Novemba 5, 2009, kilichofuata kiliitwa *maridhiano*, na wananchi wakaupigia kura ya ndiyo mfumo wa serikali ya umoja wa kitaifa Julai 31, 2010 kwa asilimia 66.4. Kenya nayo iliiita tume yake ya baada ya ghasia za uchaguzi Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano. Katika mifano yote hiyo kuna pande mbili, kuna jambo lililowekwa mezani, na kuna mwenye haki ya kusema hapana.

> Pasipo mtu mwenye haki ya kusema hapana, hakuna ridhaa.

Ndiyo maana mabishano yetu makali ya kisiasa huweza kusimama juu ya viambishi vya kitenzi hiki kimoja. Juni 2023 Bunge la Tanzania liliridhia makubaliano ya bandari kati ya Tanzania na Dubai. Hilo halikuwa na ubishi, kura zilipigwa. Kilichogombewa kwa miezi iliyofuata, kwenye mikutano, makanisani na mahakamani, ni kama wananchi nao wameridhika. Waliosema Bunge limekwisha kuridhia na waliosema watu hawajaridhika wote walisema kweli.

Kiambishi kinachomficha mtendaji

Kiarabu kilileta mzizi. Viambishi tumevitoa kwetu, na humo ndimo kuna jambo kubwa ambalo watunga dodoso hulipita. *Kuridhia* kuna mtendaji anayekubali. *Kuridhiana* kuna wawili. *Kuridhishwa* kuna aliyeridhisha, na anaweza kuulizwa jina. *Kuridhika*, kwa kiambishi kilekile cha kuvunjika na kumwagika, hakuna mtu. Kikombe kimevunjika, maji yamemwagika, mwananchi ameridhika: hali imetokea, na hakuna anayewajibika kwa uzuri wala ubaya wake.

Sasa chukua karatasi inayomwuliza mgonjwa anapotoka zahanati: je, umeridhika na huduma? Mama aliyesubiri tangu alfajiri, akaonwa saa saba, akapewa nusu ya dawa na kuambiwa nyingine akanunue, huenda akajibu ndiyo. Amejituliza. Amelinganisha na siku aliyorudi bila dawa yoyote, akamshukuru Mungu. Ndiyo yake ni ya kinaa, na ni mali yake. Lakini karatasi inaibeba mpaka kwenye ripoti na kuiandika kama sifa ya zahanati. Angeulizwa kama ameridhishwa, swali lingemgeuza amtazame aliyekuwa na wajibu wa kutenda cha kutosha, na jibu lingeweza kuwa jingine kabisa bila mama huyo kusema uongo mara moja.

Wanaopinga

Pingamizi la kwanza ni la wanaisimu, nalo ni la haki: asili ya neno si maana yake. Hakuna Mwingereza mwenye huzuni anayefikiri kwamba ameshiba. Nakubali, na *sad* ni ushahidi tosha. Ila hoja iliyoko hapa haisimami juu ya kilichozikwa. Ridhaa, kuridhia, radhi na maridhiano yanasemwa leo, na watu walewale, ndani ya wiki moja. Mzungumzaji anapolisikia neno kuridhika, analisikia likiwa na ndugu zake wote wamesimama nyuma yake. Asili inaeleza tu kwa nini ndugu hao wanafanana.

Pingamizi la pili ni la watakwimu. Wanasema makosa ya tafsiri hujifuta yenyewe watu wakiwa wengi, na kwamba ngazi ya Cantril ilibuniwa ili kuyakwepa maneno kama haya. Makosa ya kubahatisha hujifuta, ni kweli; kosa linaloelemea upande mmoja huongezeka uzito kadiri watu wanavyoongezeka. Ngazi nayo si tupu kama inavyodaiwa. Inadhani kwamba maisha ni kupanda, na kwamba mtu anapojipima hujipima dhidi ya kilele alichokiwaza yeye. Mkinaifu wa kweli, ambaye elimu yake yote ni kutoyatazama ya juu, hana jibu safi la kumpa mhojaji. Na kijana anayeona kwenye simu maisha ya watu wa Dubai ana kilele kirefu kuliko babu yake, hata kama anakula vizuri zaidi.

La tatu ndilo zito. Dini na hekima za watu wengi zinatufundisha kuridhika na tulichonacho. Wahindi huita *santosha*, na mwanahekima wao wa kale, Patanjali, aliiweka miongoni mwa nidhamu za yoga. Je, kusisitiza kwamba kuridhika ni hukumu juu ya aliyotendewa mtu si kuwafundisha watu kunung'unika? Jibu bora linatoka Bengal. Mwaka 1944, mwaka mmoja baada ya njaa kubwa, taasisi ya afya ya umma ya India iliwauliza wajane huko Singur, karibu na Kolkata, hali zao za kiafya. Miongoni mwa wanaume waliofiwa na wake, asilimia 48.5 walisema ni wagonjwa au hali zao si nzuri. Miongoni mwa wanawake waliofiwa na waume, waliosema hivyo ni asilimia 2.5. Hakuna daktari anayeamini kwamba wajane wa kike wa Bengal, waliokuwa wa mwisho kupewa chakula na tiba, walikuwa na afya bora hivyo. Mchumi Amartya Sen, aliyeiona njaa hiyo akiwa mtoto na kupata Tuzo ya Nobel mwaka 1998, ameutumia mfano huo kuonyesha kwamba aliyenyimwa kwa muda mrefu hujifunza kutodai. Wanawake wale walikuwa wamekinai. Utulivu wao ulistahili heshima, lakini hakuna serikali wala mume wa mtu aliyestahili kusifiwa kwa ajili yake.

Kinaa ni kile mtu anachojipa mwenyewe. Ridhaa hutolewa kwa mwingine, baada ya huyo mwingine kutenda. Dini zinazoihimiza ya kwanza hazikumfutia mdaiwa deni lake. Uislamu unaomsifu mkinaifu ndio huohuo unaotaka biashara iwe ya kuridhiana, na Kanisa lililohubiri utulivu wa moyo ndilo lililosisitiza malipizi.

Wizara, mabenki, kampuni za simu na mashirika ya utafiti yanayochapisha dodoso kwa Kiswahili yana marekebisho madogo ya kufanya, na hayahitaji bajeti. Swali moja limuulize mtu kama ametosheka na alicho nacho. Jingine limuulize kama ameridhishwa na aliyekuwa na wajibu kwake, na mwenye wajibu huyo atajwe kwa cheo: daktari, karani, diwani, mbunge. Majibu ya maswali hayo yaandikwe kwenye safu mbili, na wastani wa safu moja usichanganywe na wa nyingine.